Katibu Muhtasi Asiyekuwa na Bosi

Sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Jina alikuwa nalo, bila shaka. Lilikuwa limeandikwa kwenye cheti cha usajili wa shule yake, lakini fremu ilikuwa imeingia unyevu mahali pale pale penye jina, na hakuna aliyehangaika kulisoma. Korogwe nzima, kuanzia stendi hadi stesheni, ilimwita Katibu Muhtasi. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi katika shirika moja la umma, akawaandikia barua mameneja sita, wa kwanza mkali na wa mwisho msinziaji, mpaka ulipofika wakati wa kupunguza watu na shirika likauzwa. Mameneja wakaenda zao, shirika likaenda zake, cheo kikabaki naye.

Yeye mwenyewe hakuwa na haki ya kulalamika, maana naye hakumwita mtu kwa jina. Mama aliyetuletea chai na vitumbua saa nne alikuwa Afisa Lishe. Mzee aliyefagia uwanja alikuwa Mkuu wa Mazingira, na kwa kweli tangu apewe cheo hicho alianza kuvaa koti. Mimi niliteremka kutoka Vugiri nikiwa na miaka ishirini na minne na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo si vizuri kuzitaja. Niliingia kwake kama mwanafunzi wa taipu, na mwaka uliofuata nikawa Mwalimu Msaidizi. Siku moja malaria ilinilaza kitandani. Akaja kuniona, akasimama mlangoni na kapu la machungwa.

"Pole sana, Mwalimu Msaidizi."

"Nimeshapoa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Barua ya kuomba ruhusa ya kuugua umeiandika?"

Sikuwa nimeiandika. Alitoa karatasi na kalamu kwenye kapu lile lile la machungwa, akaningoja.

Shule ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko. Chumba cha kwanza kilikuwa na taipureta nane zilizopiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Chumba cha pili kilikuwa na kompyuta moja, nayo ilifunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, na hakuna aliyeingia humo na viatu, hata saa ya somo la kompyuta, alilotufundisha kutoka kitabu kimoja kinene. Aliipata shirika lilipopigwa mnada. Ilikuwa ya yule meneja wa mwisho, ambaye kwa ushuhuda wake hakuwahi kuiwasha, ila aliitumia kuegemeza gazeti. Katibu Muhtasi aliiita "taipureta iliyosoma," na aliiheshimu kama watu wanavyomheshimu mkwe: kwa mbali kidogo, na kwa sauti ya chini.

Alikuwa mtu wa maandishi. Neno likiandikwa, kwake lilikuwa amri. Kulikuwa na hoteli karibu na stendi ambayo mmiliki wake alichoshwa na watu wanaokunywa chai moja asubuhi nzima, akabandika tangazo: mteja asikae zaidi ya dakika thelathini. Kila mtu alilipuuza, pamoja na mwenye hoteli. Katibu Muhtasi alikuwa anakula wali na samaki mwenye miba mingi, na dakika thelathini zikamkuta katikati ya samaki. Akanyanyuka, akanawa, akatoka nje, akazunguka jengo zima kwenye jua la saa saba, akaingia tena, akamsalimu mhudumu upya, akaketi mbele ya sahani yake ile ile.

Misemo yake ilikuwa mingi na yote ilinuka wino. "Haraka ndiyo mama wa kifutio," alisema mtu akikosea. "Hati isiyo na nakala ni uvumi," alisema kila siku, na kila barua aliyoandika kwa taipureta ilikuwa na nakala mbili za kaboni, hata ile ya kumwomba jirani afunge mbuzi wake. Lakini msemo alioupenda kuliko yote ulihusu neno "karibu." "Mkiona neno karibu kwenye mkataba," alituonya, "karibu na mto, karibu na mtini, jueni hapo kuna mtu anayejiandaa kuwadanganya."

Jambo moja halikuendana na mengine. Alikuwa Mzigua wa Handeni, aliyezaliwa na kukulia mahali ambapo ng'ombe hupita mlangoni asubuhi na jioni, na aliogopa ng'ombe kuliko kitu chochote duniani. Si dume tu. Hata ndama. Akikutana na ng'ombe barabarani alifungua mwavuli, mvua iwepo isiwepo, akajificha nyuma yake mpaka mnyama apite.

Ndiyo maana tulishangaa siku alipokubali kuandika makubaliano ya Kang'ata.

Huko Kang'ata wakulima na wafugaji walikuwa wakigombania njia ya ng'ombe ya kuteremkia lamboni. Lambo ni moja, mashamba yako kulia na kushoto, na ng'ombe hawaelewi mpaka. Kijana mmoja wa wakulima alivunjwa mkono. Fahali mmoja wa wafugaji alikutwa amechomwa mkuki. Mwishowe wazee wakachoka, wakachagua wawili wa kusema kwa niaba yao: mwenyekiti wa wakulima, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma na sauti ya adhana, na mzee wa wafugaji, mrefu, mkimya, mwenye masikio yaliyotobolewa na fimbo nyembamba aliyoilaza magotini kila alipoketi. Wakaja Korogwe, kwa sababu waliambiwa yupo mama anayeandika maneno yasiyopindika.

Aliwaweka siku mbili. Walisema, "Njia iwe pana kiasi." Akauliza, "Kiasi ni hatua ngapi?" Wakabishana mpaka wakafika arobaini. Akauliza, "Hatua za nani?" Hapo wakatazamana miguu. Mwenyekiti akasema hatua moja ya mzee wa wafugaji ni sawa na mbili za binadamu. Mzee wa wafugaji akasema, kwa upole, kwamba kwa miguu ya mwenyekiti hata mbuzi wangepita mmoja mmoja. Wakazozana hadi Afisa Lishe akaja kuangalia kama kuna msiba. Katibu Muhtasi akaandika kimya kimya, akawasomea, wakakubali kwa sababu walikuwa na njaa. Akachapa nakala mbili kwa kompyuta, wakaweka vidole gumba, wakaondoka.

Nakala ya tatu hakuchapa. Mimi nilimuuliza. Akagonga juu ya kompyuta kwa kidole: "Imo humu."

Mwaka mmoja na kitu baadaye, masika ilipiga radi Korogwe ambayo watu waliihesabu kwa vitu vilivyokufa: redio ya kinyozi, jokofu la duka la soda, na kompyuta yetu. Yetu haikufa yote. Iliwaka, ikaguna, kisha ikaandika kwamba haioni diski. Na diski ndiyo iliyokuwa imebeba kila kitu.

Jumatatu iliyofuata, wazee wa Kang'ata wakatokea, kila mmoja na basi lake. Mzee wa wafugaji alikaa upande wa kushoto wa benchi, mwenyekiti upande wa kulia, na katikati wakaacha nafasi ya watu watatu.

"Tumekuja kuchukua ile karatasi," alisema mwenyekiti.

"Mlipewa," alisema Katibu Muhtasi.

Mwenyekiti akakohoa. Nakala ya wakulima iliwekwa ndani ya sanduku la mbao ofisini, na mchwa wakaingia kwa chini. Kilichobaki ni pembe moja yenye tarehe.

"Na yenu, mzee?"

Mzee wa wafugaji alitazama fimbo yake. "Niliweka kwenye mkoba, yeyo. Mkoba nikautundika kwenye boma la ndama." Yeyo ndiyo mama katika Kimaa, na alimwita hivyo tangu siku ya kwanza. "Ndama akala."

"Alikula mkataba?"

"Na kamba ya mkoba."

Kwa namna fulani haki ilikuwa imeliwa sawasawa pande zote mbili. Lakini hakuna aliyecheka, maana mwenyekiti aliendelea: wakulima wanasema njia ni hatua ishirini, wafugaji wanasema sitini. Mahindi yameshabeba. Ng'ombe wana kiu. Mtendaji wa kata ameita mkutano Ijumaa, na amesema maandishi yasipoletwa, kila mtu alinde chake. Vijana walikuwa wameanza kunoa mapanga, na hawakuwa wakinoa kwa ajili ya kupalilia.

Katibu Muhtasi alikwenda kwenye kabati, akatoa disketi pekee aliyokuwa amehifadhia kazi zake. Ilikuwa imeota ukungu wa kijani kama mkate wa wiki iliyopita. Akairudisha taratibu, akafunga kabati. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akiona aibu, na siku hiyo niliiona kwenye mgongo wake. Mtu aliyewafundisha vijana mia kwamba hati isiyo na nakala ni uvumi alikuwa na uvumi mtupu.

"Njooni Alhamisi," aliwaambia. Hawakwenda kokote. Kila mmoja alikuwa na ndugu Korogwe, na kila asubuhi tulipofungua mlango tuliwakuta benchini, na ile nafasi ya watu watatu katikati yao.

Aliitwa fundi kutoka Tanga, kijana mwenye simu kiunoni ambaye Katibu Muhtasi alimpa cheo cha Mtaalamu kabla hajathibitisha. Alifungua kasha, akanusa ndani, akasema diski ni nzima. Kilichopigwa na radi ni ile sehemu ya bodi inayozungumza na diski. Dawa yake ni kadi ya nyongeza, inachomekwa pembeni, diski inaunganishwa kwenye kadi badala ya bodi. Akapiga simu Dar es Salaam. Jumatano mchana kadi ikafika kwa basi, ndani ya boksi la biskuti, pamoja na karatasi moja ya maelekezo.

Kwa Katibu Muhtasi karatasi ile ilikuwa sheria. Aliishika kwa mikono miwili na kutufasiria kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa Kiingereza, ingawa Kiingereza cha mtu aliyejifunza kwa mateso.

"Hatua ya kwanza. Zima umeme, gusa chuma uondoe radi ya mwilini." Wote tukagusa dirisha. Wazee nao wakagusa. "Hatua ya pili. Usishike dhahabu ya kadi kwa vidole. Hatua ya tatu. Kabla ya kuchomeka…" Alinyamaza. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kabla ya kuchomeka, mlemaze mama."

Wazee wakageuza shingo.

"Nani anamlemaza mama?" aliuliza mzee wa wafugaji kutoka benchini, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye fimbo.

"Hakuna, mzee," nilisema. "Ni karatasi."

"Aliyeandika haya hana adabu," alisema Katibu Muhtasi. Akachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia wanafunzi, akaikata hatua ya tatu kwa mstari ulionyooka. Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, akasahihisha na sarufi ya hatua zilizobaki.

Mtaalamu hakusoma chochote. Alichomeka kadi, akaunganisha ule waya mpana kama utepe, akawasha. Taa ndogo ya mbele ya mashine ikawaka, ikabaki inawaka bila kupepesa. Skrini ikasema haioni diski. Akazima, akawasha. Akaitoa kadi, akaipuliza, akairudisha. Akalipiga kofi kasha.

"Usiipige," alisema Katibu Muhtasi. "Haijakukosea."

Saa kumi Mtaalamu akatoa hukumu: kadi ni mbovu, iagizwe nyingine, wiki mbili. Akapanda basi la Tanga. Cheo chake kilifutwa kabla basi halijavuka daraja.

Alhamisi tulibaki sisi wawili, karatasi, bisibisi na wazee wawili. Katibu Muhtasi alinyoosha mkeka sakafuni, akaliweka kasha juu yake, akapiga magoti kama anayepasua samaki wa wageni.

"Tutafuata maandishi," alisema. "Neno kwa neno."

Hatua ya tano ilisema ukingo mwekundu wa utepe uelekee kwenye namba moja ya kadi. Tulitafuta namba moja kwa lenzi aliyotumia kusoma risiti zilizofifia. Tukaikuta, ndogo kama yai la chawa, na ukingo mwekundu ulikuwa umeelekea upande wa pili. Mtaalamu alikuwa ameuchomeka kinyume. Tukaugeuza, tukawasha. Safari hii taa ilipepesa, ikazimika, ikapepesa tena, kama jicho la mtu anayeamka.

"Enhee!" alisema mwenyekiti.

Skrini ikasema haioni diski.

Tulijaribu tundu jingine la kadi. Tukajaribu kukandamiza. Tukasoma karatasi kutoka chini kwenda juu. Adhuhuri ikafika, akaenda kuswali, akarudi, mambo yakawa yale yale. Jasho lilimtoka mpaka miwani ikawa inateleza puani. Nilijua anafikiria mkutano wa kesho, na nilijua hataki nijue.

"Hebu tupumzike," alisema mwishowe, akawageukia wazee. "Wageni, nani kati yenu aletewe chai kwanza?"

"Mimi nasubiri," walisema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja kwa heshima yake, na maneno yakagongana yakawa kelele.

"Sijasikia. Nani?"

"Mpe yeye," walisema wote kwa pamoja tena.

Katibu Muhtasi alibaki na mdomo wazi. Nilidhani ameudhika.

"Mwalimu Msaidizi," alisema polepole, "unajua Jumatatu baada ya kupunguzwa kazi nilifanya nini?"

"Hapana, mama."

"Nilikwenda kazini."

Nikaweka bisibisi chini.

"Barua nilikuwa nimeisoma Ijumaa. Niliielewa. Lakini Jumatatu miguu ikanipeleka. Nikakuta binti mpya kwenye kiti changu, wenye kampuni wapya walimleta. Nikavuta kiti kingine, nikakaa pembeni ya meza. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kunifukuza. Simu ikalia. Yeye akainua ya kwake, mimi nikainua ile ya chumba cha pili. Wote tukasema halo. Aliyepiga akasikia halo mbili, akakata. Ikalia tena, wote tena halo, akakata tena. Siku tatu, hakuna simu iliyoingia ofisi ile. Wakadhani laini imeharibika, wakamwita fundi." Alitazama ndani ya kasha. "Siku ya nne nilibaki nyumbani. Simu ikapona."

Akainuka kwa magoti, akachukua karatasi, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha na kusoma chini ya mstari wake mwekundu.

"Yule Mtaalamu aliiitaje hii bodi kubwa?"

"Mazabodi."

"Maza ni nini?"

"Mama," nilisema, na sote wawili tukaitazama bodi.

Ile sehemu ya bodi iliyopigwa na radi haikuwa imekufa. Ilikuwa imestaafishwa, lakini bado inaingia ofisini. Kila kompyuta ilipoita diski, kadi mpya iliitika na mama wa zamani naye akaitika, na kompyuta ilisikia halo mbili ikakata. Hatua ya tatu ilikuwa imeandikwa kwa ajili hiyo hasa, na mtu pekee katika Korogwe yote anayetii maandishi ndiye aliyeikata.

Tuliisaka kwa lenzi. Pembeni ya tundu la zamani la diski kulikuwa na vijiti vitatu vyembamba, viwili vimevalishwa kikofia cheusi cha plastiki, na chini ya kile kilichobaki wazi limeandikwa lile neno la kwenye karatasi, lemaza. Alichukua kibano cha kutolea miiba. Mkono wake ulikuwa thabiti kabisa, lakini kabla ya kuking'oa kikofia aliinamisha kichwa.

"Samahani, mama," aliiambia bodi. "Umefanya kazi nzuri."

Akakihamisha. Tukawasha. Skrini ikafikiri, ikafikiri, kisha yakamwagika majina ya kazi zake zote, barua za miaka, mstari baada ya mstari, na katikati yake Kang'ata.

Mwenyekiti alipiga kelele. Mzee wa wafugaji alisimama, na kwa urefu wake chumba kikawa kidogo.

Mtu mwingine angechapa papo hapo. Yeye alisema, "Kwanza tufunge kasha. Mashine iliyo wazi ni kama mtu aliye uchi." Tukazima, tukafunga, tukaikaza kadi kwa skrubu yake, tukawasha. Haioni diski. Tukafungua, tukalegeza skrubu: diski ikaonekana. Tukakaza: ikapotea. Mara ya tatu alilala kifudifudi mkekani kutazama kwa usawa wa kadi huku mimi nikizungusha bisibisi, na akaona. Bati la mwisho wa kadi lilikuwa limepinda. Kila skrubu ilipobana nyuma, upande wa mbele ulinyanyuka kwenye tundu unene wa ukucha.

"Tunaibana mno," alisema kutoka sakafuni. "Iache."

Basi siku hiyo kasha lilibaki uchi. Nilipiga magoti nikashikilia kadi chini kwa kifutio cha penseli. Yeye akapanga karatasi tatu kwenye mashine ya kuchapia, na katikati yake, bila kusema neno, akaweka kaboni mbili. Mashine ile ilikuwa ya sindano, inagonga, na kinachogonga hutoa nakala. Ikaanza kulia kwa ukali. Mstari wa mwisho ulipotoka na karatasi kuchomoka, umeme ukakatika Korogwe nzima, ukarudi Jumapili.

Aliwasomea dirishani. Upana wa njia ulikuwa hatua arobaini, wala si ishirini wala sitini. Wazee wote wawili walinuna kwa kiasi sawa, jambo lililonionyesha kwamba mkataba ni wa haki. Kisha akafika kwenye kifungu alichokiandika siku ile ya njaa, akapunguza mwendo.

"Hatua hizo zitakuwa," alisoma, na sauti ikaanza kumtoroka, "za mwandishi wa hati hii, ambaye atafika kuzipima mwenyewe pande zitakapotofautiana."

"Ndivyo ilivyoandikwa?" aliuliza mwenyekiti.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi twende, yeyo," alisema mzee wa wafugaji.

Ijumaa alifika Kang'ata na sketi yake ya ofisini, viatu vya kisigino kifupi, na mwavuli. Nilikuwepo. Wakulima walisimama upande mmoja, wafugaji upande mwingine, mtendaji wa kata katikati akiwa ameshika nakala yake. Kwa bahati mbaya au kwa makusudi, ng'ombe walikuwa wameshafikishwa, wengi, wamesimama kwenye vumbi wakingojea maji, na hatua arobaini zilipita mbele ya pua zao.

Aliufungua mwavuli. Akatazama maandishi mkononi mwa mtendaji, kama anayetafuta kosa la sarufi litakalomwokoa. Hakukuwa na kosa, aliandika mwenyewe. Akaanza. Moja. Mbili. Kwenye kumi na nne ng'ombe mmoja mweupe alinyoosha shingo akaunusa mwavuli, na niliona mabega ya Katibu Muhtasi yakipanda mpaka masikioni, lakini mguu haukufupisha hatua. Mzee wa wafugaji alitembea kando yake, baina yake na pembe, akiwasemesha wanyama kwa Kimaa kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Mwenyekiti alifuata nyuma akichomeka vijiti ardhini. Wale vijana wenye mapanga walianza kuhesabu pamoja naye bila kujua, na thelathini na tisa ikatoka kwa sauti ya mkutano mzima.

Kwenye arobaini alifunga mwavuli, akaketi chini vumbini na sketi yake, akaomba maji.

Njia ile ilidumu miaka niliyoifahamu. Watu waliiita Hatua za Mama, na hata walipogombana kwa mambo mengine, hawakuigusa.

Nimeeleza habari hiyo kwa urefu kwa sababu ndiyo inayosimuliwa, lakini siku zake nyingi hazikuwa hivyo. Siku nyingi alikuwa mwanamke anayetembea katikati ya madawati na rula, akipiga mapigo ya taipu kwenye kiganja chake. Alinifundisha kunywa chai bila kutazama kikombe. Alinikataza kuolewa na mtu aliyeniandikia barua isiyo na tarehe, na baadaye nikasikia habari za mtu huyo nikashukuru. Wakati vilipofunguliwa vibanda vya intaneti, wanafunzi walihamia huko mmoja mmoja, kila mmoja akiaga kwa barua kama alivyowafundisha. Taipureta zikaanza kukosa utepe, kisha kukosa mikono. Siku alipofunga shule tulikuwa watu wanne: mimi, yeye, Afisa Lishe na Mkuu wa Mazingira. Aliandika kumbukumbu za kikao, sote tukasaini, akarudi kwao Handeni.

Mimi nilikwenda Tanga, nikasoma, nikapata kazi ya kufundisha kompyuta chuoni. Tuliandikiana, kisha tukapigiana simu, kisha kwa miaka kadhaa hatukufanya lolote, kama wanavyofanya watu wanaodhani muda upo.

Mara ya mwisho kumwona, nilikuwa nimetumwa Handeni kusimamia mitihani. Niliuliza njia, nikamkuta barazani kwake anapukuchua mahindi kwenye ungo. Alikuwa amepungua mwili, na mtandio umefunika nywele nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu Msaidizi," alisema bila kuinua kichwa. Sauti alikuwa ameitambua. "Siku hizi una kazi gani?"

"Nafundisha kompyuta, mama. Chuoni."

"Nani alikufundisha?"

"Si wewe?"

Aliweka gunzi chini. Alitazama barabarani kama anayehakikisha hakuna mtu anayepita.

"Nikwambie jambo ambalo hata marehemu mume wangu sikumwambia. Mimi kompyuta nilikuwa siijui."

"Mama!"

"Siijui kabisa. Meneja hakuwasha, mimi ningejifunza wapi? Kila siku nikishaswali alfajiri nafungua kile kitabu, nasoma ukurasa mmoja. Huo huo ndio nawafundisha. Mkiniuliza kilicho mbele yake, nawaambia, hilo ni somo la kesho. Miaka yote ile, Mwalimu Msaidizi. Ukurasa mmoja mbele yenu. Mngesoma haraka kidogo tu, mngenikamata." Akaliokota gunzi, akaliweka tena. "Nimewadanganya watoto wa watu."

Kuku walipita kati yetu. Kisha nikamwambia jambo ambalo nami sikuwa nimemwambia mtu: kwamba mashine zinabadilika kila mwaka, kwamba vijana wangu wanaingia darasani wakijua mambo ambayo sijawahi kuyasikia, na kwamba kila alfajiri, kabla watoto wangu hawajaamka, nakaa jikoni nasoma ukurasa wa siku hiyo. Mmoja tu. Wakiniuliza cha mbele, nawaambia ni cha kesho.

Alinitazama. Kicheko kilianza tumboni, nikaona ungo unatikisika, punje zikaruka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, mpaka jirani akachungulia juu ya ua, akanyoosha mkono kunionyesha mimi kana kwamba mimi ndiye habari yenyewe, akashindwa kusema. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikujua ana jino la dhahabu.

Alipotulia alijifuta machozi kwa pembe ya khanga, akasogeza ungo, akapiga kiganja kwenye mkeka pembeni yake.

"Kitabu unacho hapo?"

"Kimo mkobani, mama."

"Kitoe," alisema, akitafuta miwani. "Tuone Jumatatu utawaambia nini."